Kinga Iko Ukingoni

Wiki iliyopita nilikuwa kwa kinyozi hapa Lodwar, nikasikia watu watatu wakimsifu fundi wa simu. Simu ya mama mmoja wa Lokitaung iliingia maji. Fundi akaifungua, akasafisha bodi, akabandika utando mpya wa kinga, ule wa kufunga kelele za bodi, unaong'aa kama kioo, yote kwa nusu saa. Mama mwenyewe alikuwepo, nikamwomba niione. Nilipoinua ukingo kwa ukucha, nikakuta selotepu. Selotepu! Na watu wanasifu.

Mjini simu yoyote hushika mtandao, maana mnara uko karibu. Kazi mbovu haijulikani hapa. Ipeleke Lokitaung, mahali ambapo mtandao ni kijistari kimoja kinachokuja na kupotea, ndipo kelele za bodi yenyewe humeza sauti ya mnara. Mama atailaumu kampuni ya simu. Aliyebandika selotepu hatamjia akilini.

Anayetaka kujua utando mzuri aache kutazama uso wake. Unene si hoja. Kwenye masafa ya gigahezi 1, kila mikroni 2 hivi za shaba hupunguza karibu theluthi mbili ya wimbi, kwa hiyo utando mwembamba kuliko unywele hutosha. Kung'aa nako si hoja. Utando mzuri unaweza kuwa mweusi.

Tazama ukingo. Utando usiogusa graundi haukingi. Huweza hata kugeuka antena, ukarusha kelele uliyotaka kuifunga. Na mwanya ni hatari kwa urefu wake kuliko upana: ufa mwembamba wa sentimita 3 huvujisha kuliko safu ya matundu madogo yenye eneo lile lile. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5, na wahandisi huridhika mwanya usipozidi milimita 6. Mimi nataka 3. Weka mita kwenye mlio, ncha moja juu ya utando, nyingine kwenye graundi, uzunguke pembe zote. Kisha bandua, ukunje mara ishirini palepale utakapokaa mkunjo, ubandike na kupima tena. Mlio ukikatika hata pembe moja, rudisha. Gundi nayo lazima ipitishe umeme, la sivyo umebandika pambo.

Niliwahi kuuziwa tando Kakuma, zimepangwa vizuri kwenye bahasha. Zilikuwa paketi za krispi zilizokatwa mraba. Alumini imo kweli, ila imelala katikati ya plastiki, na mita haikulia popote. Muuzaji alinionyesha uso wa utando mmoja ukimeremeta juani, akashangaa kwa nini sifurahi.

Sasa maabara zinatengeneza tando za selulosi zilizopakwa polima zinazopitisha umeme, kama polipiroli. Hizo polima si ngeni: ugunduzi wake ulipewa Nobel ya kemia mwaka 2000. Selulosi hukunjika vizuri, lakini hunywa unyevu, kwa hiyo ipime ikiwa kavu na ikiwa imelowa. Mama zetu wanaosuka vikapu vya mkoma wanajua hilo: jani hulowekwa kwanza, na kikapu hukaguliwa mdomoni, pale ukili unapogeuka, maana ndipo kinapoanza kufumuka.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa fundi wa redio. Katika redio zile kila koili ilikaa ndani ya kijumba chake cha alumini, miguu miwili imechomelewa kwenye bodi. Akiletewa redio inayokoroma, hakugusa koili. Aliigeuza bodi, akapitisha bisibisi kwenye mguu mmoja mmoja, taratibu, sikio limeelekezwa spika. Aliposikia mkwaruzo aliongeza tone la risasi pale pale, akafunga kifuniko, akairudisha redio rafuni bila kusema neno.