Diski Nyekundu na Kipimo cha Dakika Tano

Waliokifuatilia kisa cha diski za WD Red mwaka 2020, na miongoni mwa watunzaji wa seva wa Ibra, Sur na Nizwa huku Oman ni wachache wasiokifuatilia, hawana haja ya kuhadithiwa upya. Ila yafaa turejee kwenye jambo moja tu, nalo ni uamuzi wa Western Digital wa kuziuza diski za SMR, za terabaiti 2 hadi 6, chini ya jina lilelile la diski za makabati ya NAS, pasina kuitaja njia ya uandishi wake katika karatasi ya bidhaa. Lilikuwa kosa dhahiri, na udhuru uliofuata ulilizidishia uzito.

Katika diski ya SMR mapito ya maandishi hupandana, kila moja likifunika ubavu wa jirani yake, hata kubadili baiti chache katikati ya kanda kukalazimisha kuandikwa upya yote yanayofuata katika kanda hiyo. Ili mtumiaji asiione taabu hiyo, diski huyapokea maandishi kwanza katika sehemu ndogo ya akiba, kisha huyahamisha polepole kila ipatapo faragha. Kwa hiyo mwenye kuipima kwa dakika tano hupima akiba, wala hajaigusa diski yenyewe. Wazee wa falaji zetu za Dakhiliya, waliogawa maji kwa athari za nusu saa, wakizihesabu mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota, wasingalimkubalia mtu kuukadiria mfereji kwa maji yanayobubujika hodhi linapofunguliwa. Wangalimwambia asubiri hodhi liishe, kisha aende akatazame kinachofika mitendeni.

Aprili ile kampuni ilijitetea kwamba kazi za nyumbani na za ofisi ndogo huja kwa mafungu, na baina ya fungu na fungu diski hupata wasaa wa kujipanga. Kauli hiyo ni sahihi kwa anayehifadhi picha za harusi. Lakini kabati halikununuliwa kwa ajili ya siku za raha. Limenunuliwa kwa ajili ya siku diski moja inapokufa na nyingine kutiwa mahali pake, na siku hiyo hakuna mapumziko, kwani diski mpya huandikwa mfululizo saa baada ya saa, ilhali safu yenye kinga ya diski moja imebaki haina kinga yoyote mpaka ujenzi utimie. Aliyeandika kwenye boksi kwamba diski ni ya NAS ameahidi kuihimili saa hiyo hasa. Na kwetu Sharqiya, ambako ziko nyumba zenye barua na hati za Unguja zilizokwisha kuliwa na mchwa nusu yake, aliyezipiga picha akazitia katika kabati la namna hiyo huenda hana tena asili ya kurejea.

Tovuti ya ServeTheHome ilifanya kazi safi ya upimaji: iliitia WD40EFAX, mojawapo ya diski hizo za SMR, katika safu ya ZFS, ikasubiri ujenzi uishe, nao ukachukua karibu saa 230, ambapo diski za CMR, ambazo mapito yake hayapandani, zilimaliza chini ya saa 20.

Lakini wangapi kwetu wanaosubiri? Nimelisema hili mara nyingi nami sitachoka kulisema, kwamba kuandika sifuri kwa dd bila ya kuipita akiba ya mfumo ni kuipima kumbukumbu ya mashine, na kuziandika sifuri hizo juu ya ZFS iliyowashwa ukandamizaji ni kupima hewa tupu. Kadhalika lile neno “hadi” linalotangulia kila kasi iliyochapwa kwenye boksi halijanipendeza hata siku moja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Tim Bray, aliyekuwa katika kazi ya kuitia Kamusi ya Oxford ndani ya kompyuta huko Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, alitunga programu ya Bonnie, na akamtaka mtumiaji wake atumie faili linaloishinda kumbukumbu kwa ukubwa, ili tarakimu itoke kwenye diski yenyewe. Uadilifu huo, uliopatikana kwa mashine dhaifu zile, siuoni katika karatasi za wauzaji wa leo. Fio ya Jens Axboe ni chombo bora kuliko Bonnie, na inatosha: ipe diski nzima, aina ya uandishi wa kutawanyika, na saa nyingi mpaka kasi itulie.

Juni 2020 kampuni ilizigawa bidhaa zake, ikazipa diski za CMR jina jipya la Red Plus, na jina la Red tupu, lile ambalo wateja walikuwa wamelizoea na kuliamini kwa miaka, ikaliachia SMR. Diski iliyostahili jina ndiyo iliyovuliwa, na mnunuzi wa Sur anayeagiza kwa mazoea bado hupelekewa ile nyingine.