Makofi Mawili ya Sidney Poitier

Anayeandaa wikendi ya filamu za kumuenzi mwigizaji mkongwe Sidney Poitier (1927–2022) hushawishika kuanza na Lilies of the Field, iliyomfanya mwaka 1964 kuwa mwanamume mweusi wa kwanza kutwaa Oscar ya mwigizaji mkuu. Kwa maoni yetu, mpangilio huo unaonyesha tunda na kuuficha mti.

Ijumaa ionyeshwe Something of Value (1957), inayohusu vita vya Mau Mau nchini Kenya. Humo Poitier ni Kimani, aliyekua pamoja na Peter, mtoto wa mlowezi. Shemeji yake Peter anampiga Kimani kofi. Harudishi, anaondoka, na hatimaye anajiunga na wapiganaji.

Jumamosi ifuate In the Heat of the Night (1967). Mpelelezi Tibbs anapigwa kofi na Mzungu mwenye shamba la pamba, naye analirudisha papo hapo.

Wapo wahakiki waliodai enzi hizo kwamba wahusika wa Poitier ni wema kupita kiasi, wa kuwapendeza Wazungu. Lawama hiyo ina uzito, lakini makofi haya mawili yanaipunguza.

Jumapili iwe ya To Sir, with Love (1967), ambamo mwalimu anawafunza vijana wakorofi wa London kuitana kwa heshima. Tibbs naye anadai aitwe kwa heshima na polisi wa Mississippi. Walimu wa lugha tuanzie hapo mjadala: jina la heshima hufundishwa, au hupiganiwa?