Maji na Pamba: Juu ya Kuvisoma Vita vya Maji Maji

Tarehe 30 Agosti 1905 Wangindo na Wapogoro, kwa maelfu, waliliendea boma la Wajerumani la Mahenge. Walikuwa wamepewa dawa ya maji, wakaambiwa kuwa risasi haitawadhuru. Mbele yao palikuwa na bombomu, bunduki ile imiminayo risasi mfululizo, nao wakaanguka kwa mamia. Aliyekuwa na shaka juu ya nguvu ya maji alikwisha kujibiwa siku ile.

Lakini vita havikuisha. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyeitoa dawa hiyo, alikuwa amekwisha kunyongwa huko Mohoro tarehe 4 Agosti, siku chache tu baada ya Wamatumbi kung'oa miche ya pamba na kuanza vita. Mtoa dawa alikufa, dawa yenyewe ikashindwa, na bado katika nchi ya Wangindo watu walipigana, wakijificha misituni, hata mwaka 1907. Ikiwa walipigana kwa kuwa walidanganyika, mbona hawakuacha udanganyifu ulipofichuka? Kila aandikaye juu ya watu walioinuka katika dhiki hupimwa kwa swali kama hili, na wengi walioandika juu ya Maji Maji hawakulijibu kwa kuwa hawakuliuliza.

Gavana Götzen, aliyetoa kitabu chake mwaka 1909, alikuwa na sababu ya kutouliza. Tangu 1902 serikali yake iliamuru mashamba ya pamba ya shirika, yaliyolimwa kwa shuruti chini ya majumbe na maakida, na ujira wake ulikuwa haba hata wengine walikataa kuupokea. Akikiri kwamba pamba ndiyo iliyowachokoza watu, ajihukumu mwenyewe. Akiwataja waganga na ushirikina, hukumu yamwangukia maiti, na maiti hana wakili. Ajabu ni kwamba maelezo yaliyotungwa kwa haja ya mtu mmoja yaliishi muda mrefu kuliko utawala wake, yakarudiwa na watu wasiokuwa na haja hiyo.

Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, ambaye utenzi wake juu ya vita hivi ulichapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Whiteley, hushutumiwa na wanafunzi kwamba hakuwa upande wa waliopigana. Shutuma hii ni nyepesi. Mtu wa mji wa pwani, mwenye elimu ya dini, awatazama watu wa bara kwa jicho la mji wake. Hilo halikufichwa, na msomaji aweza kulipunguza katika hesabu yake kama mfanyabiashara apunguzavyo uzito wa kapu. Lenye maana zaidi ni umbo lenyewe. Utenzi wa vita humpa jemadari nafasi kubwa kuliko mkulima, nayo mapigano huyapa beti nyingi kuliko palizi. Amtafutaye humo mtu aliyelima pamba kwa fimbo amebisha mlango usio wake.

Mlango wa mtu huyo ulifunguliwa baadaye, na uhuru ndio uliokuwa ufunguo. Mwaka 1956 Nyerere aliueleza Umoja wa Mataifa kwamba watu wale waliitikia wito wa asili wa kutaka kujitawala, wala hawakuburutwa na hofu ya ushirikina. Mwaka 1967 Gwassa na Iliffe walitoa kumbukumbu zao za vita, na mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakatumwa makwao kuwauliza wazee. Kazi hii yastahili sifa kamili. Kwa mara ya kwanza mzee aliyeyaona mambo, au aliyesimuliwa na babaye, alisema juu ya akida, kiboko na jembe, na maneno yake yakahesabiwa kuwa ushahidi. Ila muulizaji naye alikuwa na haja yake. Taifa lilikuwa changa, nalo lilitaka babu. Kwa hiyo kila kabila lililoinuka lilisomwa kama lililoinuka kwa nia moja na wenzake, na ile njama moja iliyokuwa laana katika kitabu cha Gavana ikageuka kuwa fahari. Hukumu ilibadilika, hadithi ikabaki ile ile.

Ebrahim Hussein, katika mchezo wake wa *Kinjeketile* wa mwaka 1969, aliliona tatizo hili mapema kuliko wanahistoria wengi. Anaeleza wazi kwamba mtu wake ni wa kubuniwa. Mchezo wafunguliwa na wanawake wawili wasemao juu ya njaa, na juu ya waume waliochukuliwa kulima shamba la mtu mwingine. Maji huja baadaye, katika nyumba ambayo tayari haina chakula. Mpangilio huu ni hoja tosha. Kisha Kinjeketile mwenyewe huingiwa na shaka, kwa maana agano la pepo lake lawatoa watu kwa bwana mmoja na kuwakabidhi kwa mwingine. Watu, hata hivyo, wamekwisha kulichukua neno, nalo si lake tena. Mwisho, akiwa mfungwa, hukataa kuyakana maji. Akiyakana, madai yaliyowaingiza watu vitani yatakanwa pamoja nayo. Hilo ndilo jibu la Mahenge. Dawa ilikuwa njia ya watu wasioaminiana kuaminiana, na imani hiyo yaweza kudumu kitambo baada ya dawa kumwagika.

Dosari ya mchezo ni kwamba njaa ya onyesho la kwanza yamezwa na shaka ya mtu mmoja. Wataalamu wa baadaye wameirudia njaa ile. Makala ya Thaddeus Sunseri ya mwaka 1997 juu ya Uzaramo yaanza na jambo ambalo mshairi angeliona aibu kulitia katika beti: nguruwe mwitu. Wanaume walikwenda kufanya kazi mbali, uwindaji wa pamoja uliokuwa ukiwafukuza nguruwe ulidhoofishwa na amri za serikali, na wanawake wakabaki kuilinda mimea wao wenyewe, wakibeba kazi ambazo awali zilikuwa za wanaume. Hapo maji yaonekana kuwa pia dawa ya shamba na mavuno. Kitabu kilichohaririwa na Giblin na Monson mwaka 2010 chaonyesha vivyo hivyo kwamba kila nchi iliingia vitani kwa ugomvi wake.

Haya yote ni faida, ingawa yana hatari yake. Akigawanya sana, mtaalamu huishia na vita ishirini vidogo, kila kimoja na nguruwe wake, na haelezi tena kwa nini mtu wa Uzaramo na mtu wa Mahenge walilipokea neno lile lile katika majira yale yale. Sababu mbalimbali na neno moja: mwenye kushika kimoja na kukiacha cha pili hakuvisoma vita hivi. Hussein alivishika vyote viwili kwa muda wa onyesho moja, na hilo si haba.

Serikali ilikisia waliokufa kuwa 75,000. Gwassa alikisia kati ya 250,000 na 300,000, na sehemu kubwa yao haikuuawa na risasi. Majeshi yalichoma vijiji na vyakula, na njaa ikafanya yaliyosalia. Mchezo haufiki huko. Waishia kwa mfungwa na neno lake, na wale wanawake wawili wa mwanzo, ambao njaa ya pili ingewafikia kabla ya kumfikia mtu mwingine, hawamo katika onyesho lile.