Kivuli Kisicho na Mpanzi

"Mchumia juani, hulia kivulini." Vipande viwili, kila kimoja mizani saba, na maneno yake yanatazamana: nne na tatu, kisha tatu na nne. Neno la jua ni fupi, limebanwa kwenye kituo cha katikati. La kivuli ni refu, nalo limepewa nafasi ya kufunga. Kina cha -ni kimoja. Sikio linasadiki kabla ya akili: taabu na raha zina uzito sawa.

Sarufi inakoleza ahadi hiyo. Kipande cha kwanza hakina wakati. Kinamtaja mtu kwa kazi yake tu. Cha pili kinaanza na hu-, kiambishi cha mazoea kisichobeba nafsi wala siku, hivyo malipo yanageuka kuwa kanuni. Kivuli chenyewe ni mahali tu: mtu anafika, anakaa, anakula. Vitenzi ni kuchuma na kula. Kupanda hakumo.

Kwenye majaruba ya mpunga ya wilaya ya Kyela, Tanzania, pengo hilo halisumbui. Mtu huinama juani, kisha hula chini ya mwembe alioukuta. Ingia kwenye kakao, mambo yanageuka. Kakao asili yake ni chini ya misitu ya Amazon. Mche wake hutaka kivuli kizito, ndiyo maana migomba hutangulia. Juu ya kakao huachwa miti mikubwa. Mwembe hutaka udongo wenye kina na nafasi ya kutanua matawi. Mkuyu hustawi maji yakiwa karibu, kama kandokando ya mito ya Kiwira na Mbaka. Yote hutaka miaka. Na kwa mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, kivuli kikizidi, unyevu hukwama na matunda ya kakao huoza na kuwa meusi, kwa hiyo matawi hupunguzwa. Hapa kivuli chenyewe ni kazi. Tena mkulima huchuma kivulini, na mbegu zikishavundikwa, huzianika juani.

Methali haijasema uongo, imechagua. Mpanzi, mwenye jembe na mche mkononi, angevunja saba kwa saba. Ulinganifu unaotufanya tuikariri ndio uliomtoa nje. Ndiyo maana inafaa zaidi kumtia moyo kibarua kuliko kumfundisha mwenye shamba.