Mti Uliosimama kwa Mafiga

Miti ya kwanza ya kujengea upya hekalu la Ise, Japani, haikatwi kwa msumeno. Wakataji wa milima ya Kiso huuzunguka mti wa hinoki, jamii ya mberoshi, wakaupiga shoka kutoka pande tatu. Vibanzi huruka, tumbo la mti huchimbika polepole hadi matundu yakutane ndani, na jitu lile la miaka kama 300 likabaki limesimama kwa miguu mitatu, mfano wa chungu juu ya mafiga. Hapo hukatwa mguu mmoja tu. Mti hulala pale pale ulipopangiwa, moyo wake haujapasuka. Kisha kilele chake huchomekwa kwenye kisiki, kuushukuru mlima.

Sifa zote huenda kwa maseremala. Mimi naanza na hawa wa shoka.

Ise ni makao ya Amaterasu, mungu wa kike wa jua. Tangu mwaka 690, enzi ya malkia Jito, nyumba yake hujengwa upya kila baada ya miaka 20 kwenye kiwanja cha jirani, ingawa vita viliwahi kuikatiza desturi hiyo kwa zaidi ya miaka 120. Mwaka 2013 ilikuwa mara ya 62, na ilihitaji miti zaidi ya 10,000.

Nguzo huchimbiwa ardhini moja kwa moja, bila msingi wa mawe, bila tone la rangi. Paa huezekwa nyasi. Si kwamba Wajapani hawakujua mawe: hekalu la Kibuddha la Horyuji limesimama juu ya mawe tangu enzi zizo hizo. Ise walikubali nguzo ioze, ili kujenga upya kurithishe ufundi. Kijana aliyeshika randa mara ya kwanza hurudi mara ya pili akiwa fundi kamili, na akijaliwa umri, mara ya tatu ndiye msimamizi.

Wala mti hautupwi. Nguzo zinazobeba mwamba wa paa, zikishushwa, hurandwa upya na kuwa malango kwenye daraja la Uji, hapo hapo Ise. Miaka 20 mingine ikipita, hupelekwa kusimama mahali paitwapo Kuwana na Seki.

Ujenzi ujao ni 2033. Na mwaka 1923 Ise walianza kupanda msitu wao wenyewe, kwa hesabu ya miaka 200: nguzo kubwa zitakatwa humo karne ijayo.