Hema Lenye Kiitikio Kimoja

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Hawakueleza, hata hivyo, atunzwe vipi yule anayekwenda kucheza kwa wenzake, wala ni nani mwenye haki ya kuuita uwanja fulani kuwa ni kwao. Swali hilo humngojea kila anayeingia katika hema la bia la Oktoberfest, tamasha la mjini München, katika jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Wageni wengi huliona hema hilo kuwa ni mahali pa kulewa tu. Wengine huliona kuwa ni hazina ya mila za kale. Makundi yote mawili yanakosea kwa namna moja: yanatazama bila ya kusikiliza. Hema la bia ni sanaa ya utendaji, nayo yastahili kuhakikiwa kama inavyohakikiwa ngoma yoyote: kwa fani yake, kwa maudhui yake, na kwa yale inayoyanyamazia.

Kwanza, fani. Kinachoitwa hema si turubai la harusi linalofungwa asubuhi na kufunguliwa usiku. Ni jengo kubwa linaloanza kusimamishwa wakati wa kiangazi na kubomolewa lote tamasha linapokwisha. Yaliyo makubwa zaidi huchukua watu karibu 10,000, ndani na nje. Jukwaa la bendi huinuliwa juu ya hadhira. Chini yake zimepangwa meza ndefu na mabenchi marefu, ambapo bega la mtu hugusana na bega la jirani asiyemjua. Bia hutolewa katika bilauri nene yenye mkono, iitwayo Maß, ya ujazo wa lita moja. Hata bilauri hiyo ina kazi yake katika ngoma, kwani uzito wake humlazimu mtu kuiinua kwa nguvu, na mgongano wake husikika kama kigongo.

Bendi ya matarumbeta hupiga nyimbo chache, kisha hukatiza kwa kiitikio kifupi kinachojulikana na wote, cha kuusifu ukunjufu wa kukaa pamoja. Watu huyumba huku na huku wameshikana mikono. Kiongozi huhesabu moja hadi tatu kwa lahaja ya pale, bilauri hugongana, na hadhira hunywa. Bendi huendelea. Muda si mrefu kiitikio kile kile hurudi, na hakuna anayekichoka.

Mpenzi wa ushairi atatambua mara moja kuwa hapa mpangilio aliouzoea umepinduliwa. Katika tungo nyingi, kiitikio ni mtumishi wa beti: huupumzisha ujumbe, huukazia, huwapa hadhira nafasi ya kuungana na mwimbaji. Katika hema la bia, beti ndizo zinazokitumikia kiitikio. Zipo ili kukingojea. Hakuna aliyekuja kusikia neno jipya. Kila mmoja amekuja kulisema pamoja na wengine neno analolijua. Anayelihukumu hema hili kwa uchache wa maneno yake amelipima kwa pishi lisilo lake. Watu elfu kadhaa wasiojuana kuwa sauti moja kwa muda wa nusu dakika si jambo dogo, na si washairi wengi waliolifanikisha.

Msomaji wa visiwani, ambaye kileo kwake ni haramu, hahitaji kuisahau hukumu yake ili aione fani hii. Hukumu ya kinywaji ni jambo moja, na uchambuzi wa utendaji ni jambo jingine. Katika mahema hayo hayo huuzwa pia maji na vinywaji visivyo na kileo, na kiitikio hakimuulizi mtu kilichomo ndani ya bilauri yake.

Maudhui ya kiitikio hicho yamo katika neno moja la Kijerumani, Gemütlichkeit, neno ambalo limewachosha wafasiri. Limejengwa juu ya Gemüt, yaani moyo au tabia ya ndani ya mtu. Kiswahili kinayo maneno ya kulikaribia, lakini hakuna linaloenea. Utulivu hauna watu ndani yake. Raha ina watu lakini si lazima iwe na amani. Bashasha ni ya mlangoni, ya kumpokea mgeni, ilhali neno hili ni la baada ya mgeni kwisha kuketi na kuvua viatu. Ukunjufu ndio unaokaribia zaidi, kwa kuwa una taswira ya uso na moyo vilivyokunjuka. Hata hivyo, mtu aweza kuwa mkunjufu hali amesimama. Neno la Kijerumani, kama linavyotumika katika hema hili, linadai kitako.

Nalo dai hilo ni sheria kamili. Kuingia hemani hakuna kiingilio, lakini asiyekuwa na mahali pa kuketi hahudumiwi bia. Meza huwekwa nafasi mapema, kwa kawaida kwa watu kumi kwa pamoja, na chakula na vinywaji hulipiwa kabla. Mwaka 2024 bei ya Maß moja ilizidi yuro 13 katika kila hema kubwa. Wakati huo huo wako wasioketi kabisa: wahudumu wanaopita katikati ya umati na bilauri kumi au zaidi mikononi, ambao malipo yao hutegemea mauzo. Kiitikio kinaposifu raha ya kukaa pamoja, wao wako njiani. Kiitikio husema “sisi”. Mhakiki hana budi kuhesabu ni nani waliomo katika “sisi” hiyo.

Hesabu hiyo humrudisha mtu kwenye historia. Tamasha lilianza mwaka 1810, kwa sherehe za harusi ya Ludwig, mrithi wa ufalme wa Bavaria, na Therese wa Saxe-Hildburghausen, ambaye uwanja ulipewa jina lake: Theresienwiese. Kilele chake kilikuwa mashindano ya farasi. Hema kubwa lenye bendi na maelfu ya waimbaji lilikuja baadaye sana. Mwaka 1898 Georg Lang, mfanyabiashara kutoka Nuremberg, alijenga banda la watu wapatao 6,000 na kuleta bendi yake. Kiitikio chenyewe, kinachodhaniwa kuwa ndiyo roho ya Bavaria, kilitungwa na mtu wa Chemnitz, katika Saxony. Na kwamba kabla ya saa 12 jioni husikika matarumbeta, si muziki wa disko, si kwa sababu mababu waliusia hivyo. Ni kwa kanuni iliyowekwa mwaka 2005, inayotaka muziki wa asili kwa sauti isiyozidi desibeli 85 hadi wakati huo.

Je, basi hema hili ni la uongo? Anayesema hivyo amefanya haraka. Pwani ya Afrika Mashariki inajua jambo hili vizuri. Bendi za kijeshi za Wazungu zilizaa ngoma ya beni huko Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, na leo beni inapopita mtaani na harusi, hakuna anayeiuliza pasi ya kusafiria. Umri haufanyi mila kuwa ya kweli. Kinachoifanya kuwa ya kweli ni watu kuitenda kwa moyo. Kwa kipimo hicho hema la München limefaulu.

Kosa lake liko pengine, nalo linaonekana katika nguo. Siku hizi umati mkubwa wa hemani huvaa magauni ya dirndl na suruali za ngozi, na mgeni hudhani kuwa ndivyo ilivyokuwa daima. Sivyo. Hadi miaka ya 1970 wengi walikwenda na nguo zao za kawaida za mjini. Wimbi la mavazi haya ni la miongo ya karibuni. Lakini walioifanya dirndl kuwa vazi la fahari mjini München walikuwapo mapema zaidi. Julius na Moritz Wallach, ndugu wawili Wayahudi waliotoka Westphalia, walifungua duka lao la sanaa za asili mwaka 1900, na mwaka 1910, tamasha lilipotimiza miaka 100, waliyavisha maandamano ya sherehe hizo. Mwaka 1938, chini ya Wanazi, walilazimishwa kuliuza duka. Moritz alikimbilia Marekani. Ndugu yao Max aliuawa Auschwitz mwaka 1944. Vazi lilibaki; waliolishona katika fahari ya mji wakafukuzwa mezani.

Yuko mwandishi aliyeisikia nyufa ya kiitikio hiki mapema. Ödön von Horváth aliuweka mchezo wake wa kuigiza wa mwaka 1932, “Kasimir und Karoline”, katika usiku mmoja wa Oktoberfest. Kasimir ni dereva aliyekwisha kuachishwa kazi, katika miaka ile ya ukosefu mkubwa wa ajira. Mchumba wake, Karoline, anataka walau jioni moja ya furaha. Muziki unapigwa, watu wananywa, na wawili hao wanapotezana katikati ya umati, yeye akivutwa na wenye fedha, Kasimir akivutwa na uchungu wake. Horváth hakuichukia starehe ya watu wadogo, aliielewa. Ustadi wake umo katika kuziacha nyimbo za furaha ziendelee pale pale mioyo inapovunjika, hadi msikilizaji aanze kuuogopa utamu wake. Miezi michache baada ya mchezo huo kuonyeshwa, Hitler alishika madaraka, na uwanja ule ule ukajifunza kiitikio kingine kilichodai kuwa ni cha wote.

Hukumu ya haki kwa hema la bia, basi, ina pande mbili, na upande mmoja haufuti mwingine. Ni kazi kubwa ya umoja wa sauti, iliyoundwa kwa vipande vilivyookotwa Saxony, Nuremberg na Westphalia, na kuunganishwa kwa ufundi ambao mhakiki mwenye kibri huupuuza. Aidha, ni kazi yenye kumbukumbu fupi, inayolisifu benchi bila ya kuwataja walioinuliwa juu yake. Ngoma nyingine yoyote yenye kiitikio kitamu, pwani au bara, yaweza kushitakiwa kwa shitaka hilo hilo. Anayejifunza kulisikiliza hema la München atasikia, katika zile sekunde chache baina ya hesabu ya tatu na mgongano wa bilauri, mahali ambapo ubeti mmoja haujatungwa.