Bei ya Urahisi

Nimeirudia ripoti ya Sander Weinreb wa MIT, Marekani, ya mwaka 1963, juu ya mashine ya kulinganisha mawimbi ya redio kutoka angani. Kila chaneli hulinganisha wimbi na nakala yake iliyocheleweshwa. Nguvu yake haiulizwi, ila kama ni chanya au hasi. Saketi za kuhesabu tu zinatosha. Kwa njia hiyo yeye na wenzake waligundua OH angani mwaka huohuo.

Wanaoisifu husahau bei: usikivu hushuka hadi takriban asilimia 64, na muda wa kusikiliza huongezeka karibu mara mbili na nusu. Mimi, ninayeshukia Mnazi Mmoja kutafuta vipuri Kariakoo kwa fungu dogo la maabara, naikubali. Usiku ninao mwingi kuliko shilingi. Ila hesabu hiyo inataka umeme usiokatika, na hapo sifa zangu hupungua.